Ripoti Isiyo na Upepo

Verna Hlavaty hakuingia kwenye mpira wa Kimarekani kwa kuucheza wala kwa kuupenda. Aliingia kwa kupiga chapa. Mwaka 1969, akiwa na miaka kumi na tisa na viatu alivyoazima kwa dada yake, alikwenda kuomba kazi kwenye ofisi za timu ya Wahunzi wa Youngstown. Wakampa mashine ya chapa, kiti chenye mguu mmoja mfupi, na rundo la karatasi zilizoandikwa kwa mwandiko ambao hata mwenyewe akiurudia hausomi. Zilikuwa ripoti za maskauti, wale wanaume wanaozunguka vyuo vya nchi nzima kuwatazama vijana wakicheza, kisha wanaandika nani anafaa na nani hafai. Kazi yake Verna ilikuwa kuzisafisha zisomeke.

Sasa jamani, mtu ukipiga chapa ripoti elfu mbili kwa mwaka, mwaka baada ya mwaka, hata kama kichwa chako ni jiwe, kitu kitaingia. Na kichwa cha Verna hakikuwa jiwe. Akawajua maskauti kwa maneno yao. Skauti akiandika "kijana ana tabia njema," ujue hajazungumza naye hata salamu. Akiandika "ana mbio kuliko inavyoonekana," ujue saa yake ilimgomea uwanjani akaona haya kusema.

Siku moja alikuwa akiwamiminia wakubwa kahawa kwenye kikao, mwenye timu, mzee Hugh Brannigan, akauliza kwa hasira kwa nini yule kijana wao wa Texas, aliyesifiwa vile, amekuwa bure kabisa. Wakubwa wote wakatazama vikombe vyao.

"Kwa sababu skauti alimwona mara tatu, na mara zote tatu alicheza na timu mbovu," Verna akasema, birika mkononi. "Iko kwenye ripoti. Ukurasa wa pili."

Wanaume wakaangua kicheko. Mzee Hugh hakucheka. Wiki iliyofuata Verna alikuwa na meza yake. Baadaye akapewa mikataba ya wachezaji, baadaye akawa msaidizi wa meneja mkuu, na mwaka 1996, akiwa na miaka arobaini na sita, akawa meneja mkuu mwenyewe, mtu mwenye kauli ya mwisho juu ya nani anavaa jezi ya Wahunzi na nani haivai. Magazeti yalipiga kelele wiki mbili, mwanamke, mwanamke, mpaka yakachoka. Mama yake mzazi alimuuliza swali moja tu: kama kwa cheo hicho sasa atapewa Jumapili ya kupumzika.

"Mama, mpira wenyewe unachezwa Jumapili."

"Basi cheo gani hicho!" akasema bibi kizee, akarudi kwenye unga wake.

Mzee Hugh akafariki mwaka uliofuata, timu ikaangukia kwa mwanawe Royce. Na hapo ndipo maneno yetu yanapoanzia, Jumamosi moja ya Aprili 1998, siku ambayo timu zote za ligi huchagua vijana wapya kutoka vyuoni. Timu inachagua kwa zamu, iliyofanya vibaya zaidi inatangulia, na kila moja ina dakika kumi na tano za kutaja jina. Ukikosea siku hiyo, unakosea kwa miaka mitano. Zamu ya Wahunzi ilikuwa ya tisa.

Saa tatu asubuhi Royce aliingia ofisini kwa Verna bila kubisha. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, suti nzuri, na harufu ya mtu aliyelala vizuri.

"Devereaux," akasema.

"Na wewe habari za asubuhi, Royce."

"Sitanii, Verna. Nataka Colt Devereaux. Mkono ule! Anarusha mpira kutoka hapa mpaka Pittsburgh. Ana sura, ana jina, watu watajaa uwanjani."

"Uwanja wa chuo chake una paa," Verna akasema. "Wa kwetu hauna. Kwetu Desemba upepo wa ziwa Erie ukishuka bondeni unachukua mpaka wigi la mchungaji. Mrushaji wa ndani ya nyumba nitamjuaje?"

"Tully amemwona nje. Novemba, kule kaskazini, kwenye uwanja wa wazi kando ya ziwa. Kampa alama za juu kuliko alizompa mrushaji yeyote kwa miaka kumi. Tully, siyo mimi! Wewe unamtaka nani?"

"Ostrander."

"Yule tembo?"

"Yule tembo. Mwaka jana mrushaji wetu ameangushwa chini mara sitini na moja kwa sababu upande wake wa kushoto hauna mlinzi, na Ostrander ni mlinzi. Hata ukimleta Devereaux, ataangushwa yeye. Utakuwa umenunua sura uiweke matopeni."

Royce akaegemea meza kwa mikono miwili. "Sikiliza. Mkataba wako unasema kuchagua ni kazi yako, sikatai. Lakini huo huo unasema naweza kukuachisha siku yoyote nikipenda. Leo usipomchagua Devereaux, Jumatatu saa tatu niletee funguo." Akatoka, akauacha mlango wazi makusudi.

Verna akarudi kwenye karatasi zake. Alishawaona wenye hasira wakubwa kuliko huyu, tena waliokuwa wamevaa kofia za chuma. Lakini alikuwa mtu wa haki, na lile la Tully lilimkaa. Ambrose Tully alikuwa skauti mkuu, mzee wa miaka sabini na moja, na ndiye aliyemfundisha kazi tangu alipokuwa binti wa mashine ya chapa. Kama Tully alimwona kijana kwenye upepo na akasema anafaa, basi anafaa, na Verna alikuwa tayari kuyameza maneno yake na kumchagua. Hakuwa na kiburi cha kijinga.

Ila alichosoma mpaka siku ile kilikuwa muhtasari tu. Siku hizi ripoti zilikuwa zinaingizwa kwenye kompyuta na vijana wa ghorofa ya chini, zinatoka zikiwa mistari sita, alama na urefu na uzito. Akapiga simu chini. "Nileteeni ya mkono. Ile karatasi yenyewe ya Tully."

Wakamletea, karatasi ya manjano, pande mbili. Verna akavaa miwani. Akasoma mara ya kwanza haraka. Akasoma mara ya pili polepole. Mara ya tatu akaiweka mezani.

Haikuwa na upepo.

Tangu alipomjua, kila ripoti ya Ambrose Tully ilianza na upepo. Kabla ya jina la kijana, kabla ya urefu. "Upepo wa magharibi, mwepesi, unachezea bendera." "Upepo wa kusini, mzito, una mvua ndani yake." Yeye ndiye aliyemwambia Verna, mwaka ule wa 1969, alipouruka mstari huo akidhani ni porojo: "Binti, mpira unapita hewani. Usiponiambia hewa ilikuwaje, hujaniambia kitu." Na leo ripoti ya mrushaji, iliyoandikwa kutoka uwanja wa wazi kando ya ziwa mwezi wa Novemba, ilianza na neno "Mkono."

Akamwita. Tully akaja akichechemea kwa goti lake bovu, na kipande cha keki ya kokwa za jozi mkononi, maana mama yake Verna alikuwa ameleta sinia zima kwa ajili ya siku hiyo.

"Mama yako bado ni bingwa," akasema. "Mwambie nimemposa."

"Atakukataa, una mke. Mzee Tully, kaa. Nina swali moja tu. Siku ile ya Devereaux, upepo ulikuwaje?"

Mzee akaacha kutafuna. Kidogo tu, lakini Verna aliona.

"Upepo? Ah. Ulikuwa wa kawaida."

Wa kawaida! Huyu mtu hajawahi kuuita upepo wa kawaida maishani mwake. Verna akamtazama, akamngoja. Akampa nafasi yote ambayo mtu anaweza kumpa mwenzake. Tully akapangusa makombo kwenye suruali yake, akasema wana kazi nyingi, akaondoka. Verna akaikunja ile karatasi ya manjano mara nne, akaitia mfukoni mwa koti.

Alikuwa na hasira, tusidanganyane. Alitaka kumfuata amshike ukosi. Miaka yote ile ya kumwambia usiandike usichokiona, usiandike usichokiona, halafu yeye! Kwenye kazi ile kuna dhambi nyingi, na nyingi zinasameheka. Skauti anaweza kulewa, anaweza kupotea njia, anaweza kukosea kabisa kuhusu kijana, watacheka naye mwisho wa mwaka. Lakini kuandika habari za mtu ambaye hukwenda kumwona, hiyo haina msamaha. Ikijulikana Youngstown, kesho yake itajulikana kwenye timu zote thelathini, na jina la Ambrose Tully litakuwa la kuchekea.

Saa sita mchana uchaguzi ukaanza huko New York. Wahunzi walikaa kwenye chumba chao kikubwa kama kawaida, watu kumi na wanne, na ubao ukutani umejaa vibao vidogo vya sumaku vyenye majina. Jina likichukuliwa na timu nyingine, kibao chake kinaondolewa. Wa kwanza akaondoka, wa pili, wa tano. Devereaux bado yupo. Wa saba. Wa nane. Devereaux bado yupo, na Ostrander bado yupo. Simu ya New York ilikuwa imewekwa mbele ya Verna, na upande wa pili alikuwa Milton, mtu wao ukumbini, kalamu mkononi, anangoja jina la kuandika kwenye kadi.

"Zamu yetu," Milton akasema. "Dakika kumi na tano zinahesabu."

Royce akapiga makofi. "Haya! Mungu ametupenda. Devereaux, twende nyumbani."

"Milton, subiri," Verna akasema, akaziba simu kwa kiganja. "Namchukua Ostrander."

Kocha Dombrowski, ambaye siku zote alijitia hamnazo wakubwa wakigombana, akaanza kuhesabu matone ya kahawa kwenye tai yake.

"Mbele ya watu wote hawa," Royce akasema polepole, "nipe sababu. Moja tu. Skauti wako mwenyewe kampitisha. Kocha hapingi. Kocha, unapinga?"

"Mimi nitamfundisha yeyote mtakayenipa," akasema Dombrowski kwa tai yake.

"Umeona? Kila mtu anasema Devereaux. Wewe una nini mkononi?"

Alichokuwa nacho hakikuwa mkononi, kilikuwa mfukoni, kimekunjwa mara nne. Kukitoa tu, Royce angefunga mdomo, na Jumatatu asingedai funguo. Verna alikigusa kwa vidole. Akamtazama Tully, aliyekaa mwisho wa meza na miwani yake mikononi, mzee wa watu, ametoka rangi. Akatoa mkono mfukoni mtupu.

"Sababu ni kwamba meneja mkuu ni mimi," akasema. "Mlinzi wa kushoto tunamhitaji, na huyu ni bora kuliko wote. Kuhusu Devereaux sina uhakika, na nisichokuwa na uhakika nacho sikinunui. Basi."

"Basi?" Royce akacheka. "Miaka ishirini na tisa unaimwaga kwa 'basi'? Unajua Jumatatu unga wako umemwagika?"

"Najua. Jumatatu ni keshokutwa. Leo nina kazi."

"Dakika tisa," ikasema sauti ndogo ya Milton chini ya kiganja.

Hapo kiti kikasugua sakafu. Tully alikuwa amesimama.

"Mzee, kaa," Verna akasema upesi. Alijua.

"Nimekaa vya kutosha tangu Novemba, binti." Akaenda mpaka kwenye ubao, goti likimsumbua, akabandua kibao cha Devereaux kutoka juu, akakishika mkononi. Hakukipeleka popote. "Royce, sababu unayoitaka ni hii. Mimi sikwenda. Siku ile Maureen wangu alikuwa hospitali, wanampasua, na mimi nilikuwa kwenye kiti cha ukumbini. Baadaye nikatazama mkanda wa video sebuleni kwangu, nikaandika kama mtu aliyekwenda. Kwenye mkanda mkono wake ni mzuri. Lakini kwenye mkanda upepo hauonekani. Sijui kama anaweza kurusha kwenye upepo. Nimewadanganya wote."

Skauti mmoja kijana akainamisha kichwa kama mtu aliyeona baba yake anapigwa.

"Kwa nini hukusema tu mkeo ni mgonjwa?" Royce akauliza, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa ya mtu wa kawaida.

"Kwa sababu mwezi wa Septemba ulisema wazee wanaoshindwa kusafiri watafute bustani wamwagilie."

Royce akawa mwekundu mpaka masikioni. Halafu, kama wafanyavyo watu walioshikwa pabaya, akakimbilia ukali. "Umefukuzwa! Toka humu!"

"Hatoki," Verna akasema. "Maskauti ni watu wangu, ukurasa wa nne wa mkataba, kausome. Wewe unanifukuza mimi Jumatatu. Mpaka hapo, hakuna anayefukuzwa chumba hiki isipokuwa na mimi. Ambrose, rudisha hicho kibao ubaoni, kiweke kwenye safu ya 'hatumjui,' ukae." Akainua kiganja. "Milton. Andika Ostrander. Kimbia na kadi."

Baada ya dakika chache, kupitia dirishani, wakasikia zomeazomea kutoka kwenye baa ya ng'ambo ya barabara, mashabiki wa Wahunzi wamesikia jina. "Buuu!" Mji mzima ulimtaka Devereaux. Verna akachukua keki ya jozi, akaila yote.

Jumapili mchana Tully alikuja ofisini na barua ya kuacha kazi ndani ya bahasha nyeupe. Verna hakuifungua. Aliinama chini ya meza, akatoa mashine yake ya zamani ya chapa, akaipuliza vumbi.

"Barua siipokei. Lakini ripoti yako ni ya uongo na siwezi kuiweka kabatini. Tamka, mimi nachapa."

"Verna..."

"Tamka!"

Mzee akashusha pumzi. "Colt Devereaux," akasema. "Mrushaji." Akavua miwani. "Sikumwona."

Verna akachapa, herufi moja moja, mashine ikigonga. Akaichomoa karatasi, akampa kalamu. Tully akatia sahihi, na hapo machozi yakamtoka bila kujificha, na Verna naye, aliyekuwa amejiapiza hatalia, akalia.

"Hiyo ndiyo adhabu yako," akasema akipangusa miwani. "Itakaa kabatini ikiwa na jina lako mpaka jengo lianguke. Kosa lako jingine ni kutoniambia mimi. Maureen anapasuliwa Novemba na mimi najua jana? Mama yangu atakumaliza."

Jumatatu saa tatu kamili Royce alimkuta Verna amekaa, funguo ziko katikati ya meza, vitu vyake vimo ndani ya boksi. Hakuzichukua. Alizunguka chumba kama anayetafuta kitu.

"Ulikuwa unajua," akasema mwishowe. "Uso wako haukushtuka. Ulijua kabla hajasema."

"Tangu saa nne asubuhi."

"Na ulikubali umwage unga badala ya kunionyesha?"

"Ungemwaga wangu tu, Royce. Mimi nina mikono, ningepata kazi. Yeye ana jina tu."

"Ulijuaje?"

Verna akainuka. Alimshika kiwiko, akamteremsha mpaka chumba cha chini, kwenye makabati ya ripoti za zamani, akamfungulia droo ya T. Royce akatoa moja, ya 1974. Upepo. Akatoa ya 1981. Upepo. Akatoa nyingine na nyingine, akaketi juu ya kreti na suti yake nzuri. Pembeni mwa moja palikuwa na maandishi ya penseli: "Mzee huyu ananifanya nisikie baridi nikiwa kitandani. Msimwache aende." Ulikuwa mwandiko wa baba yake. Verna akamwacha hapo, akapanda juu.

Saa nzima ikapita. Royce alipokuja alikuwa na vumbi magotini na macho mekundu. Akazisukuma funguo mpaka upande wa Verna.

"Ostrander wako akiwa bure, nakuja kuzichukua," akasema.

"Njoo. Ila ubishe mlango."

Devereaux alichaguliwa na timu ya kusini yenye uwanja wa paa, akang'ara, na magazeti ya Youngstown yakamsimanga Verna msimu mzima. Mrushaji wake aliangushwa mara kumi na tisa tu mwaka ule, na yeye alijua kuhesabu.

Novemba, kijana wa kompyuta alimpandishia bahasha. "Ya mzee Tully, bosi. Niiingize?"

"Hii lete hapa," Verna akasema. Akatoa mashine ya zamani, akavuta kiti, akafungua bahasha, akatoa karatasi ya manjano iliyokuwa na alama za matone ya mvua, akaanza kuchapa mwenyewe.

"Upepo wa kaskazini-magharibi, kutoka ziwani, wa kuvunja matawi. Kofia yangu imekwenda na sitaiona tena. Maureen, niliyekaa naye hapa, anasema niandike kwamba na yake pia."